Pesa ikikwama utabadilishana nini? Vitu na ujuzi wa kuweka akiba kabla ya siku mbaya

Fikiria asubuhi moja. Simu yako ina pesa, lakini mtandao umekatika tangu jana na wakala hana noti za kukupa. Mwenye duka amefunga daftari la madeni. Nyumbani kuna watoto wanne na unga wa siku mbili. Jirani yako ana maharagwe, lakini pesa iliyo ndani ya simu yako haimsaidii, maana hata yeye hawezi kuitoa. Je, ndani ya nyumba yako, au katika mikono yako, kuna kitu ambacho jirani huyo atakipokea?

Hatuulizi ili kukutia hofu. Wengi wetu tunaoishi Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali tumeshaipitia asubuhi hiyo, tena zaidi ya mara moja. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi hapa Uganda, huduma za kutuma na kutoa pesa kwa simu zilizimwa. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, usafiri wa abiria ulisimamishwa na boda boda zikakatazwa kubeba watu. Aliyezoea kwenda mjini kufanya kibarua alibaki nyumbani. Mwezi uliofuata, Aprili, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) likapunguza mgao kwa asilimia 30 kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua. Februari 2021 mgao ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 tukaanza kupangwa katika makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 takribani wakimbizi milioni moja nchini Uganda wakaondolewa kabisa katika msaada wa chakula.

Waliotoka Goma na Bukavu mwaka 2025 wana yao ya kusimulia. Mji wa Goma ulipoanguka mwishoni mwa Januari, benki zilifungwa na zikakaa hivyo kwa miezi. Mfanyakazi aliyekuwa na mshahara wa miaka mingi katika akaunti hakuwa na la kufanya, na noti zilizobaki mtaani zilichakaa mpaka watu wakazikataa. Wazee waliokuwa Kinshasa wanakumbuka Januari 1993, wakati askari walipolipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano na wafanyabiashara wakakataa kuipokea. Fujo iliyofuata iliua watu wengi. Noti ni karatasi ya kuaminiana. Imani ikivunjika, mtu hurudi kwenye chumvi, sabuni na kazi ya mikono yake.

Hiyo ndiyo biashara ya mali kwa mali, na si jambo geni katika sehemu hizi. Pale Kibiro, kando ya Ziwa Albert, ambalo wengi wetu tulilivuka kutoka Ituri, wanawake wamekuwa wakichemsha chumvi kwa mamia ya miaka. Ardhi ya pale ni kame, haifai kwa kilimo. Walikula kwa kubadilishana chumvi na vyakula vya watu wa juu ya mlima. Chumvi ya Katwe nayo ilivuka hadi Nkore, Rwanda na upande wa Kongo kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kujiandaa, tunazungumza juu ya kitu ambacho bibi zetu walikijua.

Kitu gani kinashika thamani?

Watu wakisikia neno "akiba" hufikiri ghala lililojaa magunia. Nani kati yetu ana ghala? Nyumba ni ya udongo, paa ni turubai, na mlango unafungwa kwa kamba. Akiba tunayoizungumzia hapa inaingia ndani ya ndoo moja yenye mfuniko.

Kitu kizuri cha kubadilishana kina tabia chache. Hakiozi. Kinagawanyika vipande vidogo, kwa sababu hakuna atakayekupa kikombe kimoja cha maharagwe kwa blanketi zima. Kila nyumba inakihitaji na kinaisha kila wiki. Tena si cha bei kubwa kiasi cha kuvuta macho ya wezi.

Sabuni ya mche inapita mtihani huo vizuri kuliko karibu kitu chochote. Kipande kinakatwa kwa uzi mara nne, mara sita, na kila sehemu ni malipo. Sabuni ikikaa inakauka, ikikauka inakuwa ngumu, na ikiwa ngumu haiishi haraka majini. Yaani inapokaa haipotezi, inaongeza. Ifungue kwenye karatasi yake na uipange juu penye hewa, isiguse unga wala chai, maana harufu inahama.

Chumvi haiozi hata miaka kumi, lakini inavuta maji. Iweke katika chupa ya plastiki iliyokauka kabisa, ukaze kifuniko, uifiche mbali na jua. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo: madini ya joto yaliyotiwa ndani ya chumvi ya dukani hupungua ikikaa wazi au kwenye unyevu, na watoto na mama wajawazito wanayahitaji. Viberiti vinakufa kwa unyevu haraka zaidi. Paketi kumi za viberiti ndani ya chupa ya mdomo mpana, pamoja na punje kidogo za mchele mkavu, zitawaka hata baada ya msimu mzima wa mvua.

Halafu kuna vitu vidogo ambavyo mtu havikumbuki mpaka vimekosekana: sindano na uzi mweusi, nyembe, pini, betri za tochi, kamba, misumari, gundi na viraka vya tairi la baiskeli. Mfanyabiashara mdogo wa mtaa wetu aliniambia kwamba wakati wa korona kitu kilichomlisha hakikuwa unga aliokuwa nao dukani. Unga uliisha kwa wiki moja kwa mikopo ambayo mpaka leo haijalipwa. Kilichomlisha ni boksi la viraka na gundi. Boda boda zilikuwa zimesimama, kila mtu alirudi kwenye baiskeli, na baiskeli ya kubeba maji haiwezi kukaa na pancha. Kila kiraka kilikuja na muhogo, ndizi au kuni.

Pedi za wanawake na vitambaa vya kutumia tena usivisahau. Wanaume tunaopanga akiba ya nyumba mara nyingi tunaviacha nje ya hesabu, na ni miongoni mwa vitu vinavyokosekana kwanza. Mama anayejua kushona pedi za kitambaa safi ana bidhaa na ujuzi kwa wakati mmoja.

Sukari na majani ya chai vinapokelewa na kila mtu, ila sukari huvuta sisimizi na wageni. Mafuta ya kula yanaharibika, hasa kwenye dumu lililofunguliwa. Yahifadhi gizani na uyatumie ndani ya miezi michache. Usiyahesabu kama akiba ya mwaka.

Huna pesa ya kununua vyote hivi, tunajua. Hakuna anayenunua vyote. Kila unapopata pesa, hata ikiwa ni kibarua cha siku moja, toa sehemu ndogo kwa kitu kimoja: mwezi huu kipande cha sabuni, mwezi ujao chumvi kilo mbili. Baada ya mwaka ndoo imejaa na hukuhisi maumivu. Kama uko katika kikundi cha akiba na mikopo, pendekezeni kwamba sehemu ya mfuko wa jamii ikae katika bidhaa badala ya noti peke yake. Katoni moja ya sabuni inayonunuliwa kwa pamoja huwa na bei nafuu kuliko kipande kimoja kimoja dukani.

Chakula: akiba nzuri, lakini yenye hatari

Kusini-magharibi mwa Uganda tunavuna mara mbili, kuelekea Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Miezi ya njaa ni ile inayotangulia, ambapo shamba ni kijani lakini sufuria ni tupu. Hapo ndipo watu huuza mazao yakiwa bado shambani. Tuseme unachukua debe moja la mahindi mwezi wa kumi na unaahidi kurudisha matatu ukivuna. Ukifanya hivyo misimu miwili mfululizo, shamba si lako tena, wewe ni kibarua wa aliyekukopesha. Debe moja ulilolihifadhi mwenyewe wakati wa mavuno linakuokoa na deni la matatu. Hakuna biashara nyingine kambini yenye faida hiyo.

Lakini mahindi mabichi ni sumu inayosubiri. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Mavuno yalikuwa madogo, na wengi walihifadhi mahindi ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka. Watu wenye njaa na hofu, kama sisi. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kusaga.

Kwa hiyo pima kabla ya kufunga gunia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi kiasi cha robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funika na utikise kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani juu ya turubai. Chumvi ikishuka chini yote, yamekauka vya kutosha. Kipimo hiki hakina gharama, na kinafaa pia unapopokea mahindi ya mtu mwingine katika kubadilishana. Ukiona punje zenye ukungu wa kijani au wa njano, usizipokee hata kama unaongezewa debe. Wala usimpe mwenzako zako.

Fukusi ni adui wa pili. Mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani na gunia nje, inazuia hewa kuingia, na wadudu hufa bila dawa yoyote. Ukiifunga, usiifungue kila siku ili kuangalia. Kila ukifungua unawapa wadudu hewa mpya. Kama huna mfuko huo, jerikani ya lita 20 iliyooshwa na kukaushwa kabisa, ikajazwa mpaka juu na kukazwa kifuniko, inafanya kazi karibu ile ile kwa maharagwe. Na kama huna hata jerikani, bingirisha gunia la maharagwe kila asubuhi na kila jioni. Fukusi mchanga anahitaji muda wa kutulia ili atoboe punje. Ukimsumbua anakufa kabla hajaingia. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko kuchota maji.

Muhogo ni ghala lililo chini ya ardhi. Unaweza kuuacha shambani zaidi ya mwaka na kuchimba unapohitaji, ingawa ukikawia sana unakuwa na nyuzi. Onyo moja, na tafadhali lisome mara mbili: muhogo mchungu lazima uloweke siku tatu au zaidi, kisha uanikwe. Wakati wa njaa watu hufupisha siku, wanaloweka usiku mmoja tu kwa sababu watoto wanalia. Matokeo yake ni ugonjwa wa konzo, ambao umelemaza miguu ya watu wengi Kongo, hasa watoto na akina mama, na haiponi tena. Ukibadilishana unga wa muhogo na mtu usiyemjua, uliza umelowekwa siku ngapi. Swali hilo si matusi.

Mbegu nazo ni mali. Baada ya njaa kila mtu amekula mbegu zake, na mvua ya kwanza ikinyesha, kikombe cha mbegu nzuri ya maharagwe kinaweza kukupa vikombe kadhaa vya kula. Tenga mbegu mapema, kutoka kwenye miche iliyokuwa na afya, na uziweke mahali ambapo mwenye njaa wa nyumba yako hatazifikia, hata kama mwenye njaa huyo ni wewe. Vipande vya muhogo vya kupanda usivikate kwenye shina lenye majani yaliyojikunja na madoa ya njano, maana utamuuzia jirani ugonjwa wa shamba lake lote.

Ujuzi: akiba isiyobebwa mgongoni

Tulipokimbia, nani aliweza kubeba gunia? Wengi tulifika na nguo tulizovaa na mtoto mgongoni. Lakini kinyozi alifika akiwa kinyozi. Mama aliyejua kuoka mandazi alifika akijua kuoka mandazi. Hakuna mlinzi wa barabarani aliyeweza kuwapokonya hilo. Kama una nguvu na muda kidogo kuliko pesa, na karibu sote tuko hivyo, weka zaidi kwenye ujuzi kuliko kwenye ndoo.

Ujuzi gani? Usianze na kile kinachopendeza kwenye cheti. Anza na kile kinachoharibika kwenye nyumba za jirani zako. Tembea mtaani siku moja ukiwa na macho wazi. Utaona viatu vilivyokatika, taa za sola zisizowaka, baiskeli zimeegemezwa ukutani, masufuria yanayovuja, nguo za shule zilizochanika, redio zimekufa, paa linalohitaji kufungwa upya kabla ya mvua. Kila kilichoharibika ni chakula cha mtu anayejua kukitengeneza. Wakati wa shida watu hawanunui vipya, wanatengeneza vya zamani, kwa hiyo fundi anapata kazi zaidi wakati ambapo mwenye duka anafunga.

Taa za sola ni mfano ambao ningependa vijana waufikirie. Maelfu ya taa hizo zimegawiwa katika makazi yetu, na nyingi zimetupwa kwa sababu ya waya mmoja uliokatika, swichi iliyooza au betri iliyochoka. Kijana mwenye kipima-umeme cha bei ndogo, chuma cha kulehemu na subira anaweza kuzifufua nyingi kati ya hizo. Tena ukiwa na paneli moja inayofanya kazi, unachaji simu za mtaa. Mwenye simu iliyozimika atakupa yai moja bila kusita.

Kuna ujuzi ambao hatuuhesabu kwa sababu tumezaliwa nao. Unazungumza Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa kidogo, na umejifunza Kinyankole? Mtu anayekwenda kituo cha afya bila kuelewa lugha ya muuguzi anakuhitaji. Unajua kusoma na kuandika barua? Unaweza kukaa na mtoto wa jirani saa moja jioni ukimfundisha hesabu? Mwalimu mmoja aliyetoka Masisi aliishi kwa miezi minne kwa mtindo huo: kila mzazi alileta alichonacho, huyu kuni, yule mchicha, mwingine alimfulia nguo. Hakutoza bei. Alisema tu kwamba hana kuni, na kuni zikaja.

Jifunze ujuzi wa pili wakati wa amani, wakati kosa halikugharimu. Kaa na fundi siku za Jumamosi, umsaidie kubeba, umtazame mikono. Mafundi wengi hapa hawatakuomba ada kama utakuja mapema na kuondoka umechelewa. Na ukiujua, weka vifaa vyake ndani ya ndoo ile ile ya akiba: mkasi wa kinyozi na jiwe la kunolea, sindano nene na uzi wa nailoni wa kushonea viatu. Fundi bila kifaa ni mtu wa kutoa ushauri tu.

Kubadilishana bila kugombana

Ugomvi mwingi unaoletwa kwa viongozi wa RWC wakati wa shida hauanzi kwa wizi. Unaanza kwa kikombe. Mmoja alipima kwa kikombe kilichosawazishwa kwa kijiti, mwingine akarudisha akidai kilikuwa na kilima juu. Sisi tuliotoka Kivu tulizoea kupima kwa kopo la Guigoz, wenyeji wanapima kwa vikombe vyao na kwa debe. Kubalianeni chombo kimoja na mkitumie kupokea na kurudisha. Kikombe kilekile.

Bei mnaipangaje bila pesa? Njia rahisi ni kutumia siku ya kibarua kama kipimo. Kila mtu, mkimbizi na mwenyeji, anajua kulima kwa siku moja kunalipwa nini mtaani kwao. Tuseme siku moja ya kulima inalipwa vikombe sita vya maharagwe. Basi kiatu kinachochukua nusu siku kukishona kina thamani ya vikombe vitatu, ukiongeza uzi wako. Mkishapata kipimo hicho, hamhitaji kubishana upya kila asubuhi. Wakati wa upungufu vikombe vitapungua, na ni haki vipungue, lakini vipungue kwa wote.

Kwa ndugu zetu wenyeji mnaosoma hapa: nanyi mnapata shida zile zile. Soko likifungwa, maziwa yenu na ndizi zenu zinaharibika, na mikono ya kuvuna haipatikani. Nyie mna ardhi, kuni na maziwa. Wakimbizi wana mikono, mafundi na, mara nyingine, bidhaa za mgao. Kulima shamba la mwenyeji kwa mgao wa mavuno kumezilisha familia nyingi za pande zote mbili. Ila muandike, hata kwenye ukurasa wa daftari la mtoto: shamba lipi, tangu lini mpaka lini, mbegu za nani, mavuno yatagawanywa vipi, na mvua isiponyesha itakuwaje. Mwenyekiti wa LC1 na kiongozi wa RWC watie sahihi kama mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Tumeona watu wakilima miezi mitatu na kufukuzwa siku ya kuvuna kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo.

Kuni pia zinahitaji makubaliano. Akina mama wetu wamepigwa, na mengine mabaya zaidi, kwa kukata kuni kwenye ardhi ya mtu. Siku moja ya palizi kwa mwenye msitu, kwa idadi ya mafungu iliyokubaliwa, ni nafuu kuliko kwenda kwa kujificha alfajiri. Nendeni kwa kundi.

Mambo ambayo hayaingii kwenye biashara hii

Dawa. Usiweke akiba ya vidonge vya antibiotiki ili uvibadilishe na chakula, na usipokee. Hujui vimekaa juani muda gani, wala havifai kwa kila ugonjwa. Dawa za shinikizo la damu, kisukari au ARV unazopewa ni za mwili wako. Ukiziuza siku mbili unajidhuru kwa miaka.

Petroli. Kila mara kukisikika uvumi wa upungufu, mtu fulani huweka dumu la petroli chini ya kitanda. Nyumba yenye paa la turubai na jiko la kuni mlangoni haihitaji zaidi ya cheche moja.

Kadi ya mgao na hati za familia. Usiziweke rehani kwa mwenye duka, hata akikuambia ni kwa wiki moja. Ukizikosa siku ya uhakiki, jina lako linaweza kuondolewa, na kulirudisha ni safari ndefu. Vilevile chandarua, jembe na sufuria pekee ya kupikia: ukibadilisha jembe lako kwa chakula cha siku tatu, siku ya nne huna chakula wala jembe.

Mwili wa mtu yeyote. Kuna wanaotumia njaa ya wengine, na baadhi yao huvaa kitambulisho shingoni. Msaada wa kibinadamu haulipiwi, kwa pesa wala kwa kulala na mtu. Akikuomba hivyo, awe mfanyakazi, kiongozi wa mtaa au mwenye duka, toa taarifa kwa dawati la ulinzi, polisi, au kupitia sanduku la malalamiko, na unaweza kufanya hivyo bila kutaja jina lako. Binti kuozwa ili kupunguza midomo nyumbani ni biashara ya aina hiyo hiyo, hata ikiitwa mahari.

Na usitangaze ulichonacho. Badilishana mchana, mahali penye watu, ukitoa kile kidogo kinachohitajika siku hiyo, huku ndoo ikibaki ndani. Watoto waambiwe kwamba habari za ndoo ni za nyumbani. Lakini majirani wawili au watatu unaowaamini wajue, nawe ujue vyao, ili mmoja asinunue chumvi tu na wote watatu mkajikuta na chumvi.

Kama unataka kuanza wiki hii, fanya hivi: osha jerikani moja na uianike ikiwa imeinamishwa, mdomo chini, siku mbili kamili. Ndani yake ikikauka, chochote utakachovuna mwezi wa sita kina mahali pa kukaa.